Ufunguo wa Kabati la Halua

Naikumbuka vizuri Ramadhani ile, mwanangu, kwa sababu ndiyo niliyoletewa sadaka ya sukari, na mimi sukari ninayo tele ndani.

Tulikuwa tunakaa kwenye maghorofa ya Michenzani, mimi bado mama kijana, najiona najua kila kitu. Binti yangu Salma ndiyo kwanza ameanza skuli, na meno yake yalishaanza kutoboka. Siku moja akalia kwa jino mpaka shavu likavimba. Daktari akaling'oa, akaniambia mengine yatafuata kama hatupunguzi vitu vitamu. Kilio chake pale kwenye kiti kiliniumiza sana. Nikarudi nyumbani nimekasirika. Sukari, halua, biskuti, vyote nikavitia kabatini, nikafunga, ufunguo nikauvaa shingoni.

Salma hakulalamika. Tena ilipoingia Ramadhani akageuka mtoto mwema ajabu. Unajua desturi yetu ya kupelekeana futari, kila nyumba inatoa sahani kwa jirani kabla ya magharibi. Watoto wengine huikimbia kazi hiyo, lakini yeye alinisubiri mlangoni: "Mama, sahani ya Bi Zuwena tayari? Nipe na ya ghorofa ya juu nipeleke." Nikawa najisifu kwa mashoga zangu kwamba mtoto nimemlea.

Kumbe kila mlango aliobisha, alisimama na uso wa huzuni na kusema, "Kwetu hatuli vitamu." Basi nani hapa Unguja atamsikia mtoto anasema hivyo amwache aende mdomo mtupu? Huku kaimati, kule visheti, ngazi nzima ikimlisha.

Jioni moja jirani yangu Bi Zuwena akaja mwenyewe, kitu amekificha ndani ya buibui. Akaninong'oneza, "Pokea shoga, usione haya. Na mumeo mwambie Mungu atamfungulia riziki." Ulikuwa mfuko wa sukari.

Nilitamani sakafu inimeze. Alipoondoka nikavua kandambili, nikamwita Salma.

"Naam, mama," akaitika, midomo inang'aa shira ya kaimati.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanaisha, alikuwa amekaa mkekani anamenya papai. Hakuinua hata macho.

"Vaa kandambili yako. Kabati ushalifunga, na mtaa utaufunga kwa ufunguo gani?"

"Mama, nnamlindia meno yake."

"Nnajua. Lakini ukishafuturu unaingia chumbani peke yako, ukitoka unanukia iliki ya halua. Unadhani mtoto hana pua?"

Nikairudisha kandambili mguuni. Salma akacheka na pengo lake lote.

Tangu hapo mama mkwe akaweka utaratibu. Kitamu kilicholetwa kinakuja mkekani, kinaliwa baada ya chakula, kipande kimoja kwa kila mtu, kisha mswaki. Mchana alimchukua Salma sokoni Darajani akachague mwenyewe tunda la futari, na Salma akilitangaza utadhani amelipanda yeye. Majirani nikawapitia nikawaeleza habari ya jino. Walinicheka mpaka machozi, lakini wakaacha kumlisha, akibisha wakampa chungwa. Kazi ngumu ilikuwa kwangu, maana kila jioni Salma alikipima kipande changu kwa macho, "Mama, chako kikubwa," nami nakata. Daktari hakumng'oa jino tena.

Kwa hiyo, mwanangu, usimfungie mtoto vitamu kwa ufunguo, atakwenda kuvitafuta kwa watu. Mwekee mahali pake na kiasi chake, mpe tunda alichague yeye, waambie majirani ukweli bila kuona haya. Na unachomkataza, usikile kwa kujificha. Mtoto anakusoma wewe kabla hajasikia maneno yako.

Mungu awape wajukuu zangu meno ya kutafuna mahindi ya kuchoma hadi uzeeni, na akupe wewe moyo wa kutosheka na kipande kimoja, mbele yao. Amin.