Mtungi wa Hajati Zuhurah

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Arua, Koboko na kila kichochoro cha katikati, wenye masikio na wanaojifanya hawana, kwamba Mama Mariam Poni wa Abuku, mfinyanzi, mjane, mwenye magoti mawili na yote mabovu, ameteuliwa kuwa Nguzo ya Urithi.

Wakati tangazo linasomwa, Nguzo yenyewe ilikuwa imekaa chini na miguu imenyooshwa, kwa sababu siku hizi ikiikunja, kuikunjua tena ni kazi ya watu wawili.

Msomaji alikuwa Siraji, katibu wa kamati ya utamaduni iliyoundwa Arua mwezi uliopita, ambayo mpaka hapo ilikuwa imefanya kazi moja: kuchapisha fulana. Alikuja kwa bodaboda, fulana mwilini, akasoma karatasi yake kama jaji anayehukumu kesi ya mauaji. Kisha akatoa ombi. Jumamosi kutakuwa na sherehe, na kamati inataka mtungi wake wa zamani kuliko yote, uwekwe mezani watu wautazame.

Mariam akamwambia hana. Siraji alidhani ni unyenyekevu, akachungulia ndani. Akaona jerikani mbili za njano na ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Miaka arobaini, kila mtungi uliotoka motoni mzima ulikuwa na mtu anayeungoja, na ule wa kwake Mariam ulibaki kuwa wa wiki ijayo.

Sasa hata wiki ijayo yenyewe haikuwapo. Alikuwa ameacha. Kuchimba udongo kijitoni, kuubeba kichwani, kutwanga vigae vya kuchanganya, kisha kutambaa kwa magoti siku nzima ukiuzunguka mtungi kwa sababu wenyewe hauzunguki: basi. Wa mwisho aliuchoma kabla ya mvua, na kokoto lake la kusugulia mitungi, laini kama yai, akalirusha kwenye shamba la mihogo ili asije akajaribiwa. Kupumzika ndicho kitu pekee alichokitaka mwaka huu, na alikuwa amekianza vizuri.

Mtungi wa zamani kuliko yote aliujua ulipo. Uko Oli, kwa Hajati Zuhurah, pembeni mwa baraza, umekaa juu ya mchanga wenye unyevu tangu Lado, mwana wa Mariam, ananyonya. Lado sasa ana mvi. Mgeni wa Hajati haulizwi habari kabla hajapewa kikombe cha maji kutoka mtungi ule. Mwezi wa Ramadhani, jua likizama, watoto na wajukuu huupangia mstari. Marehemu mume wa Hajati, askari mstaafu, alikunywa humo kikombe chake cha mwisho, akalalamika kwamba hakijajaa.

Mariam akapanda bodaboda nyuma ya Siraji, akiuguza magoti njia nzima mpaka Oli. Hajati alisikiliza habari ya Nguzo na ombi la kuazima mtungi. Ana friji aliyonunuliwa na bintiye Shakira, lakini hiyo ni ya kuweka soda na nyama.

"Mama Lado, mimi napatia wewe, sio hawa watu ya fulana," alisema mwishowe. "Jumapili nataka maji yangu. Na ikiharibika?"

"Nitakufinyangia ingine," Mariam akajibu kwa mazoea, mdomo ukiyatangulia magoti.

Jumamosi alipoingia ukumbini aliuona mtungi kutoka mlangoni, maana ulikuwa unang'aa kama tangi la pikipiki mpya. Siraji akamweleza kwa furaha kwamba ulionekana mchafu mno kwa urithi. Kwa hiyo kamati ikausugua kwa sabuni ya unga, ikaukausha siku mbili juani, ikaupaka vanishi. Mara mbili.

 Mariam akaomba maji, akayamimina ndani, akaweka kiganja tumboni mwa mtungi. Mwenyekiti alikuwa ameanza hotuba, na kwa urefu wa hotuba ile mtungi wowote wenye afya ungekuwa umeloa nje, maana ndivyo unavyopoza maji: unatoa jasho. Mwenyekiti akashukuru wazee, akashukuru vijana, akashukuru mwenye viti vya kukodi. Kiganja cha Mariam kikabaki kikavu; vanishi ilikuwa imeziba kila kitundu. Akawaza kijito, akawaza mzigo kichwani, akawaza Hajati kesho asubuhi na kikombe mkononi.

Siraji akamletea kipaza sauti. Fulana zote zikamgeukia.

"Mama yetu, ambia watu: hii urithi yetu inaelekea wapi?"

Mariam alikitazama kipaza sauti, akayatazama magoti yake.

"Kwa mihogo," akasema. "Nilitupa kokoto yangu huko, na Hajati anataka mtungi ingine."