Mpika Udi wa Junda

Mgeni akija mtaani kwetu Junda, Kisauni, kumtafuta Bi Mwanatumu, haelekezwi kwa rangi ya mlango. Huambiwa afuate pua. Nimepanga chumba kwake tangu mwanangu Kioko hajaota meno, na nikienda Machakos likizo, mama mkwe hunusa nguo zangu akaniuliza kama nimesilimu.

Udi ndio maisha yake. Alifundishwa kuupika na mamake: sukari huyeyushwa sufuriani, ikatiwa vipande vya udi na marashi, ikakorogwa mpaka mkono uombe msamaha. Maharusi wa Kisauni hufukizwa nguo zao kwa udi wake. Mwanamke akijifungua, Bi Mwanatumu huingia na chetezo chenye makaa, akampitisha mtoto juu ya moshi huku akimwombea dua. Ni mkali, ana maneno, na hapendi kusahihishwa. Kiswahili changu cha bara amekikosoa mpaka kikanyooka.

Nyuma ya nyumba yetu kuna jaa. Kwa kuwa taka hazizolewi, huchomwa: plastiki, nepi, viatu, hata matairi. Moshi wake mweusi huingia ndani bila hodi. Nikiandika haya hasira inanipanda, maana sote tunauvuta na hakuna aliyewahi kutuuliza.

Katika moshi huo alizaliwa Mahir. Mamake, Wardah, ndiye binti wa pekee wa Bi Mwanatumu, na alirudi kwao kujifungua kwa sababu mumewe yuko kazini Doha. Bi Mwanatumu alimpenda mjukuu huyo kupita kiasi. Akimbeba, mtoto alikuwa akificha uso shingoni mwake, ananusa kwanza, ndipo anatulia.

Alipoanza kukaa mwenyewe, Mahir alishikwa na kikohozi. Asubuhi moja tukaona mbavu zake zinadidimia kila akivuta pumzi. Hospitalini wakasema ni nimonia, wakamtia oksijeni. Muuguzi mmoja, Philister, akamuuliza Bi Mwanatumu kama nyumbani kuna moshi.

"Upo wa jaa, mwanangu. Watumaliza."

"Moshi wowote si mzuri kwake, mama. Wa jaa, wa makaa, hata wa udi."

Bi Mwanatumu alisikia jaa tu. Mahir alipopona wakarudi nyumbani, naye akaanza vita. Alifunga madirisha, akaziba nyufa kwa leso kuukuu, na ili kuondoa uvundo uliokwisha kuingia, akawa anawasha chetezo chumbani mwa mtoto asubuhi na alasiri. Nilijaribu kumkumbusha maneno ya muuguzi.

"Mama Kioko," akanijibu, "uvundo wa jaa ndio moshi. Huu ni udi. Nyumba yenye harufu hii malaika waingia. Mtoto atadhurika vipi, wallahi?"

Unambishiaje mtu anayefanya hayo yote kwa mapenzi?

Haukupita muda, Mahir akazidiwa tena, vibaya kuliko mara ya kwanza. Pua zilikuwa zinapanuka, midomo imekuwa rangi ya majivu. Tulimkimbiza kwa tuktuk, mimi nikiwapigia kelele wenye magari watupishe. Alipokwisha kutiwa oksijeni, Wardah alimgeukia mamake. Hakupaza sauti.

"Mamangu, Mungu akimponya, sirudi naye nyumbani. Nitakwenda kwa wakwe zangu Likoni. Nakupenda, lakini kwako mwanangu hapumui."

Nilingoja Bi Mwanatumu awake. Hakuwaka. Alimtazama mtoto kitandani, kile kifua kidogo kinavyopigana, akasema, "Sawa, mwanangu. Nimesikia." Nilimwonea huruma mpaka nikaangalia kando.

Tulirudi nyumbani mimi naye. Alifungua madirisha ya upande wa barabara, akatoa leso kwenye nyufa, akamwaga makaa ya chetezo uani. Mteja aliyekuja kuchukua udi wa harusi alirudishiwa pesa yake na kuambiwa atafute mpishi mwingine. Siku zilizofuata zilikuwa za kufua mapazia na kusugua kuta. Kisha akanusa buibui lake, akanusa mitandio, akanusa madera yake yote sandukuni, na kila kitu kilikuwa udi mtupu. Akaoga kwa sabuni ya kipande, akaosha nywele mpaka macho yakawa mekundu, akaja mlangoni pangu amejifunga taulo.

"Mama Kioko, niazime dera. Nguo zangu zitamdhuru."

Tukaenda hospitalini. Mahir alikuwa ameondolewa oksijeni, amekaa mapajani mwa mamake. Bi Mwanatumu akanyoosha mikono, akampokea. Mtoto akaficha uso shingoni mwake kama ilivyo desturi yake, akanusa. Akarudisha kichwa nyuma, akamkazia macho, akaangua kilio cha mtoto aliyebebwa na mtu asiyemjua.

"Mahir, bibi yako huyo!" Wardah akasema, naye machozi yakimlengalenga.

Mtoto akazidi kulia, akimnyooshea mamake mikono. Bi Mwanatumu akamrudisha.

"Usimnyamazishe, mwache," akasema. "Sikiza pumzi zake. Yuwalia kwa kifua kizima."

Akakaa mwisho wa kitanda, ndani ya dera langu lililompwaya, akingoja mjukuu wake amzoee.