Beseni Chini ya Kitanda

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla sijapata pa kukaa. Nilikuwa nimetoka chuo cha afya na koti jeupe lililopigwa pasi, nikapangiwa Chamwino chini ya Afisa Afya wa Wilaya, mzee mrefu mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe. Asubuhi hiyohiyo tukaenda kukagua nyumba za kijiji kimoja karibu na Buigiri. Nikaingia nyumba ya kwanza, nikasalimia, nikauliza choo kiko wapi.

"Binti, umevuta hewa?" akaniuliza mzee.

Nikamuuliza hewa gani.

"Toka nje, uingie tena. Safari hii usiulize kitu, vuta hewa kwa pua. Wenyewe wameizoea nyumba yao, hawaisikii. Wewe utaisikia kidogo tu, kisha na wewe utaizoea, na hapo utakuwa huna kazi."

Nikatoka, nikaingia tena, watoto wa nyumba ile wakinicheka waziwazi. Nikasikia moshi wa kuni, na vumbi, na ukavu uliochoma ndani ya pua. Nikamwambia. Akasema sasa ninaweza kuuliza choo.

Nieleze kidogo kuhusu jina la kazi, maana ninyi mnaoanza leo mna vyeo virefu. Zamani ofisa wa afya aliitwa Bwana Afya, awe mwanamume au mwanamke. Nimeitwa bwana maisha yangu yote ya kazi. Marehemu mume wangu alikuwa akilalamika kwa rafiki zake kwamba nyumbani kwake kuna mabwana wawili na hakuna wa kupika. Alikuwa anatania, ingawa kuhusu kupika alikuwa na haki.

Mzee yule alikuwa na ubao uliofungwa vipimajoto viwili. Kimoja kilikuwa kikavu, cha pili kilivikwa chini kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji. Hewa ikiwa kavu, maji ya kitambaa hukauka haraka na kukipoza kipimajoto chake, kwa hiyo vipimo viwili huachana sana. Hewa ikiwa imeshiba maji, kitambaa hakikauki na vipimo hukaribiana. Hicho ndicho tunachokiita unyevu wa hewa, na mtu anataka uwe wa katikati. Ukipungua mno, midomo hupasuka, koo hukwaruza na pua hutoka damu. Ukizidi mno, kuvu huota ukutani, na mwenye pumu hubanwa kifua.

Kipupwe cha Chamwino vipimo viliachana kweli. Watoto walikuja na damu puani, na akina mama wageni walidhani wamelogwa. Ushauri wetu ulikuwa rahisi: jiko litoke chumba cha kulala, na lala na beseni la maji chumbani, au tundika kanga mbichi karibu na dirisha. Ushauri huo ulienea Dodoma nzima. Watumishi wa serikali walipoanza kuhamia huku kutoka pwani, kitu cha kwanza walichoambiwa na wenzao kazini kilikuwa hicho: weka beseni chini ya kitanda. Chini ya kitanda kwa sababu hapo halikwazi mtu.

Kutoka Chamwino nilihamishiwa Mlali, wilaya ya Kongwa, nikawa chini ya Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya. Huyu alipenda vyoo kuliko kitu kingine chochote duniani.

"Bwana Afya," alinisuta siku moja, "nimekutuma vyoo, naambiwa unashinda kwenye maghala ya karanga. Umekuwa mchuuzi?"

Nilikuwa ghalani kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu wa karanga na mahindi. Huioni kwa macho, na kupika hakuiondoi. Akina mama wa Mlali hawakulijua jina hilo, lakini walijua dalili. Walitumbukiza mkono ndani ya gunia, wakausikilizia, kisha wakasema, "Hili limetoa jasho." Maana yake karanga zilifungwa kabla hazijakauka vizuri, au gunia limeegemezwa ukutani, unyevu umekosa pa kutokea. Hapo hulivuta gunia likae mbali na ukuta, hulifungua mdomo, na karanga hurudi juani. Nilijifunza hewa kwao kuliko nilivyojifunza darasani, na Mganga Mfawidhi aliponiaga alikubali kwa shingo upande kwamba hata ghala linahitaji pua ya Bwana Afya.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Dodoma mjini, kata ya Nzuguni. Nyumba zilikuwa zinaota kila upande: madirisha ya alumini, dari za jipsamu, vigae vinavyong'aa. Mkuu wangu wa idara, dada mchangamfu aliyenizidi elimu na kunizidi haraka, alitaka nguvu zote ziende sokoni. "Mama, unyevu wa majumbani siyo priority," aliniambia. "Sawa, mwanangu," nikamjibu, nami nikaenda sokoni. Lakini mtu akinifuata ofisini ana shida, sikuweza kumwambia shida yake haimo kwenye mpango wa robo mwaka.

Ndivyo alivyokuja Baba Pendo, dereva wa wizara moja, mzaliwa wa Mlali. Mvua zilikuwa zimekolea.

"Shikamoo Bwana Afya."

"Marahaba, baba. Kulikoni?"

"Naomba uje nyumbani. Mtoto anabanwa kifua, na mama yangu na mke wangu hawasemezani."

"Mimi nakagua nyumba, baba. Ndoa sizikagui."

"Mama anasema kosa ni la nyumba," akasema, na macho yake yakanifanya ninyanyue mwavuli.

Sebuleni nilikuta begi limefungwa karibu na mlango. Ndani yake mlikuwa na nguo za Pendo, mtoto wa kike ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Bibi Mlali, mama yake Baba Pendo, alikuwa amekuja kumchukua mjukuu akakae naye kijijini. Mama Pendo, mwenyeji wa Tanga, alikuwa amesimama mlango wa chumba cha mtoto amekunja mikono. Alikuwa ameshaapa kwamba mtoto akitoka nyumba ile na yeye anatoka, tena hatakwenda Mlali wala hatarudi. Pendo mwenyewe alikuwa kwenye kochi, mabega yakipanda na kushuka, na kila pumzi ilikuwa na mlio mwembamba. Mlio ule niliusikia mwilini mwangu.

Nikatoka nje, nikaingia tena, nikavuta hewa kwa pua. Nyumba ilinuka nguo iliyosahauliwa ndani ya ndoo. Chumbani kwa mtoto dirisha lilikuwa limefungwa, kanga mbichi imetundikwa, na kabati limebanwa kwenye ukuta wa nje. Nilipochungulia nyuma yake niliona madoa meusi ya kuvu kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno changu. Vipimo vya ubao wangu, mfano wa ule wa mzee, vilikuwa vimekaribiana kabisa. Chini ya kitanda kulikuwa na beseni la bluu, limejaa maji.

"Hilo usiliguse," akasema Mama Pendo nyuma yangu. "Tulipohamia huku ilikuwa kipupwe. Mwanangu alikuwa anaamka na damu kwenye mto. Nikaambiwa niweke beseni, nikaweka, damu ikakoma. Sijawahi kuliacha likauke hata siku moja."

Nilimwonea huruma. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa, kwa bidii kuliko wote. Kwao Tanga hewa ni ileile mwaka mzima, mtu hana haja ya kuipangia majira. Wageni wa pwani hudhani Dodoma ina majira ya aina moja tu, ya vumbi, na hakuna aliyemwambia kwamba mvua zikianza beseni hutoka.

Kabla sijafungua kinywa, Bibi Mlali akasema kutoka sebuleni, kwa Kiswahili chake cha taratibu, maana lugha yake ya nyumbani ni Kigogo: "Mimi nimesema tangu juzi. Nyumba hii inatoa jasho."

"Umemsikia!" Mama Pendo akapaza sauti, machozi yakimlengalenga. "Ndiyo maneno yake kila siku! Nyumba yangu inanuka jasho! Mimi ninayepiga deki asubuhi na jioni!"

Nikacheka. Walinitazama wote kama nimerukwa na akili, hata Baba Pendo. Lakini nilikuwa nimelisikia neno lile miaka mingi, mkono wangu ukiwa ndani ya magunia.

"Bibi," nikamuuliza mbele yao, "gunia likitoa jasho kule Mlali, unasema mwenye gunia ni mchafu?"

"Mchafu wa nini?" akashangaa. "Hata gunia jipya linatoa jasho. Limekosa hewa tu. Unalitoa ukutani, unalifungua mdomo."

Mama Pendo akaishusha mikono yake. "Kumbe jasho la gunia?"

"Ulidhani la nani, mwanangu?"

Mama Pendo akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mtoto, akalia, na mkwe wake akaja akakaa pembeni yake, akawa anampigapiga mgongoni. Baba Pendo akajifanya anaangalia dari.

Kisha tukafanya kazi. Tulimpeleka Pendo kwa jirani ili asivute uchafu, tukajifunga vitambaa puani, tukalisogeza kabati, tukauosha ukuta kwa maji ya sabuni na kuukausha kwa matambara. Madirisha mawili yanayotazamana tuliyafungua, nikaagiza yawekewe wavu wa mbu ili yasifungwe tena kwa kisingizio hicho. Nguo mbichi zikahamia barazani. Deki nikaomba iwe mara moja, na tambara likamuliwe kweli, maana maji ya vigae huishia hewani. Beseni nililiacha mwisho. Mama Pendo alilivuta mwenyewe, akalibeba hadi uani na kulishika kifuani kwa muda, kisha akayamwaga maji. Nilitazama pembeni.

Niliwaambia dawa ya kuvuta waliyopewa hospitali iendelee, mimi siyo daktari. Hata hivyo kifua hakikutulia kwa siku moja. Kuna siku walimrudisha hospitali, nami nikakosa raha siku nzima, kwa sababu begi lilikuwa bado halijafunguliwa. Lakini ukuta ulikauka, na kidogo kidogo mlio ukapungua. Siku moja nilipita, nikakuta Bibi Mlali anazirudisha nguo za mjukuu kabatini, moja moja, huku Mama Pendo akimsimulia habari za Tanga.

Nilistaafu baada ya hapo. Kwenye chai ya kuniaga Mtendaji wa Kata alihutubia, na mkuu wangu wa idara akanikumbatia na kusema ameanza kunusa nyumba kabla ya kukaa. Mama Pendo na mkwe wake waliniletea lile beseni la bluu, limejaa karanga za Mlali. Bibi akatumbukiza mkono, akausikilizia. "Hazitatoa jasho," akasema.

Ninyi mna vipimaunyevu vidogo vinavyoonyesha tarakimu zenyewe, navyo ni vizuri, vitumieni. Ninachowaomba ni kwamba mkimpa mtu ushauri, mwambieni pia unakomea majira gani. Mwenye kumpenda mtoto wake hataacha alichoambiwa kinamponya mpaka aambiwe.

Nyumba yangu ya Nzuguni sasa ina bwana mmoja. Kipupwe kilichopita beseni lilikaa chini ya kitanda changu. Juzi mawingu yalitanda, na Pendo, ambaye sasa anasoma, alinipitia akitoka shule. Alinipa shikamoo, akaingia chumbani bila kuniomba ruhusa, akalivuta beseni na kwenda kuyamwaga maji kwenye mpapai. Akafungua dirisha. Kisha akatoka nje, akaingia tena, akasimama mlangoni na kuvuta hewa kwa pua, ndefu, hadi mwisho.

"Hapajambo, Bibi," akasema.

Nilikuwa naisikiliza pumzi ile ikiingia na kutoka, bila mlio wowote.