Chuku ya Shingoni

Kudarizi kofia kulitukaza shingo, mimi na dada yangu mkubwa, kwani sote wawili tuliinamia kazi moja. Yeye aliogopa wembe. Akanambia, "Tangulia wewe kwa mpiga chuku. Ukipata nafuu, nami nitakwenda. Lakini usije ukanipigia chuku, ndugu yangu!" Tukacheka, maana neno ni hilo hilo moja: kuumikwa kwa pembe, na kuitia habari chumvi.

Mpiga chuku wa Kibokoni alinichanja kisogoni, akaweka pembe ya ng'ombe, akafyonza hewa, akaiziba kwa nta. Alipoibandua, damu ilikuwa nyeusi.

"Wasikiaje?"

"Nafuu," nikajibu, na papo hapo nikaingia shaka. Ilikuwa nafuu kweli, au ni haya ya kumjibu vingine naye kashika pembe yake?

Kutwa sikutulia. Nilizunguka vichochoroni nikigeuza kichwa huku na huku, hata muuza kahawa akanikejeli, "Bwana, wafuatwa na nani?" Kila nikigeuza paliuma, nisijue ni shingo au ni wembe.

Magharibi, msikitini, nilitoa salamu kulia nikaumia. Nilipotoa kushoto, shingo ilikwenda yenyewe, nami nimeshasahau kuipima.

Dada alikuwa akiningoja ukumbini. "Haya, sema."

"Kushoto imefunguka. Kulia bado."

Alinitazama sana. "Hapo hukupiga chuku," akasema, na asubuhi yake akavaa buibui, akaniambia nimpeleke.