Mbawakawa Chali

Asubuhi niliyoondoka nyumbani, karibu na Mosocho, sikuwa na safari yoyote kichwani. Jana yake kaka yangu mkubwa alikuwa amebomoa esaiga yangu, kile kijumba anachojengewa kijana akishatahiriwa, ili apate nafasi ya kupanda migomba. Baba alikuwa ameshakufa, na shamba limegawanywa hadi likaisha. Fungu langu lilikuwa pale palipokuwa na kuta.

Nilimuuliza nitalala wapi.

"Wewe si mtu wa kutembea?" alisema. "Tembea."

Mvua zilikuwa zimeanza, na mbawakawa walijaa njiani. Tangu niache shule darasa la sita sijaweza kumpita mmoja aliyelala chali bila kuchuchumaa. Penye nyasi hurusha mguu huku na huku hadi unase jani, kisha hujivuta akageuka. Kwenye changarawe hutafuta kokoto, huisukuma kwa mguu wa nyuma, huinuka upande, huanguka, hurudia. Juu ya jani la mgomba hana kazi kubwa. Jani hubonyea, naye hubingirika.

Mjini Kisii, kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa. Mbawakawa alikuwa akizunguka juu yake kama pia, miguu yote sita ikipiga hewa. Nilikaa naye hadi miguu ikaanza kupunguza mwendo. Mwenye duka akatoka.

"Umepoteza nini hapo chini?"

"Sijapoteza kitu, mzee. Namtazama huyu."

"Na yeye amepoteza nini?"

"Pa kushika."

Alileta kipande cha gunia, akamwekea tumboni. Miguu ikanasa nyuzi, akageuka.

"Haya, sasa nyote wawili mniondokee mlangoni."

Siku zote nilidhani wanaoshindwa kugeuka ni dhaifu. Yule hakuwa dhaifu. Nilitembea na jambo hilo hadi karibu na Nyamira, na halikunifariji hata kidogo.

Jua lilikuwa likishuka. Nyumba tatu ziliniuliza mimi ni mtoto wa nani, na nilipomtaja baba, marehemu wasiyemjua, zikanifungia mlango. Ya nne ilikuwa ya mama mjane aliyelima pareto. Yeye aliuliza tu kama najua kuchuma maua.

"Utachuma, utalala stoo," alisema. "Humo viroboto hawatakuuma, mwanangu. Pareto inawamaliza wote."

Maua makavu yalirundikwa hadi kwenye paa, yakinikereketa koo. Sakafu ilikuwa udongo mtupu wenye mashimo na vijiti, pa kushika kila mahali. Mbawakawa walitapakaa humo, wote chali, miguu imekunjwa kifuani. Nilimgeuza mmoja kwa kijiti. Akabaki vile nilivyomweka.

"Umepapenda?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimepapenda, mama."

Nikawafagia kando kwa kiganja, nikapata pa kulaza mgongo.