Niliandika "Sina"

Neno moja nililoandika kwa mkono wangu nusura limzike mwanangu.

Naitwa Anania. Shule niliishia darasa la tano. Napasua mbao Makambako.

Mwaka huu bosi wetu, Hezekia, alitukusanya na fomu za bima.

"Jazeni leo. Sheria mpya inamtaka kila mwajiri awakatie watu wake bima. Sitaki kesi."

Nikajaza. Jina, kijiji, umri. Nikafika palipoandikwa *Wategemezi wako*.

Nikachungulia kwa Kasimiri, jirani yangu kwenye msumeno. Kaandika watu saba.

"Yaani wewe mzee mzima unategemea watu saba? Mpaka watoto?"

"Cheka tu," akasema.

Mimi nikaandika: *Sina. Najitegemea.* Nikasaini kwa madaha.

Mke wangu, Tabea, anachuma chai upande wa Njombe, nyumbani anarudi Jumamosi. Aliponiambia kazini kwao pia wanakatwa bima, niling'aka.

"Kataa. Bima ya nyumba hii ni mimi."

Akanyamaza. Nikajua nimeeleweka.

Ijumaa moja asubuhi binti yetu Nelly akaanguka jikoni, ameshika tumbo. Nikampakia kwenye gari mpaka hospitali, Njombe.

Daktari akambonyeza mara moja tu.

"Kidole tumbo. Kinaweza kupasuka leo. Lete kadi, tumpasue."

Nikaenda dirishani kifua mbele. Dada wa mapokezi akaangalia kompyuta.

"Baba, kadi inafanya kazi, ila ni yako peke yako. Umeandika huna wategemezi."

"Ndiyo. Simtegemei mtu."

Akaniangalia.

"Mtegemezi ni anayekutegemea wewe, baba."



Nikampigia Hezekia. "Bosi, nilikosea. Niandike upya."

"Fomu ilishakwenda, Anania. Nikituma marekebisho sasa hivi, majibu ni Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa namzika."

Nikasikia msumeno unanguruma nyuma yake.

Pesa ya kutanguliza sikuwa nayo. Nikampigia kila ninayemjua. Nelly alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Tabea akafika mbio na mabuti ya shambani. Nikamweleza. Nilidhani atanitukana.

Akafungua mkoba, akatoa kitabu cha nyimbo za kanisani. Katikati ya kurasa kulikuwa na kadi.

Dada akaisoma. "Tabea. Mtegemezi, Nelly. Mtegemezi mwingine, Anania. Anania ni nani?"

Watu kwenye foleni wakageuka.

"Mimi," nikasema.

"Kumbe una unayemtegemea."

Nelly akaingizwa chumba cha upasuaji saa hiyohiyo. Daktari alipotoka alisema kilikuwa kimeanza kutoboka.

Tulikaa kwenye benchi.

"Nilikukataza kukatwa, Mama Nelly."

"Ulinikataza, Baba Nelly. Nikakatwa."



Wanaume wenzangu, kesho nendeni kwa bosi mkasome mlichoandika. Neno usilolijua uliza, hata kama wanaokuzunguka watakucheka. Na mwenzako akinyamaza, usidhani amekubali.

Jumatatu nilirudi kwa Hezekia. Nikaandika *Nelly*, kwa herufi kubwa.

"Na mkeo?"

"Ana kadi yake. Labda kama kuna mahali pa kuandika ninaowategemea."

Akaigeuza fomu, akaangalia na nyuma.

"Hapa hakuna," akasema.