Nani Alimuuza Tulalumba?

Nilipokuwa mtoto, miaka ya hamsini, kijijini kwetu upande wa Igowole, nyumba niliyokatazwa kula chakula chake ilikuwa moja tu: kwa Mzee Yohani, jirani yetu. Hata hindi la kuchoma nililopewa kule, Bibi alilipokonya mkononi mwangu akawatupia kuku. Baba yake Yohani ndiye aliyemuuza Tulalumba, dada yake Bibi, kwa watu wa msafara waliokuwa wakielekea pwani. Msichana wa jirani, ametumwa maji mtoni, akauzwa kwa kaniki na chumvi! Na wazee wetu waliamini kwamba kosa la namna hiyo lisiposemwa kwa mdomo, mbele ya aliyekosewa, hubaki ndani ya nyumba likila watoto.

Anna, mke wa mtoto wa Yohani, alikuwa ameshazika watoto wawili. Wa tatu alipoanza kuharisha na kukataa ziwa, alikuja kwetu mchana kweupe akapiga magoti mlangoni, mtoto mgongoni.

"Bibi, tusaidie. Huyu naye anakwenda."

"Si mimi ninayemshika mtoto wako, mwanangu," Bibi alimjibu kwa huruma. "Baba mkwe wako analijua neno. Mwambie alilete."

Yohani alikuja jioni ile. Alikuwa mzee wa kanisa, na alivaa koti lake la Jumapili.

"Kamwene, Mama," alisalimia. "Mimi hayo nilishatubu kanisani. Na baba alishakufa. Mimi nilikuwa hata sijazaliwa."

"Ulitubu kwa Mungu. Hapa kwangu hujafika."

Akakohoa, akaangalia mianzi yetu. "Basi, Mama, yaliyotokea yalituumiza wote."

Bibi, ambaye sikuwa nimepata kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo, alisimama.

"Yaliyotokea? Mvua ndiyo inatokea, Yohani! Nani alimuuza Tulalumba?"

Mzee akageuka akaenda zake. Bado nina hasira naye kwa siku zile alizomwacha mtoto akinyauka ili heshima ya marehemu isiguswe. Anna ndiye aliyemrudisha. Alimkuta akinywa ulanzi na wenzake, akamweka yule mtoto mapajani mwa mzee mbele ya wote, akasema, "Basi huyu mzike mwenyewe."

Kesho yake asubuhi Yohani alikuja, safari hii bila koti, na watu nyuma yake. Bibi alimpa kata ya maji, maana ndivyo inavyofanywa kwetu: unasema kosa, kisha unapiga funda la maji na kuyapuliza chini, na uliyemkosea naye anapuliza.

"Baba yangu alimuuza Tulalumba," alisema. "Sisi nyumba yake tulivaa kaniki ile, tukala chumvi ile. Tumekosa."

Akapuliza. Bibi naye akapuliza.

Mtoto alipona. Anna alikuwa amempeleka pia kwenye dawa za misheni, kwa hiyo kuhusu maji sitabishana na mtu. Ninachokijua ni kwamba siku ile Bibi alinyoa nywele, akakaa chini, akamlilia dada yake kwa mara ya kwanza. Miaka yote hakukuwa na msiba, kwa sababu hakuna aliyekubali mbele yake kwamba Tulalumba alichukuliwa. Wanawake walikuja kulia naye, Anna akiwa miongoni mwao.

Leo nasikia redioni mkubwa wa serikali fulani ya ng'ambo, akiulizwa juu ya biashara ya watumwa, akisema kwamba nchi yake inasikitishwa sana na yaliyotokea, ila kuomba radhi, hapana, kwa kuwa waliotenda wamekufa. Karibu niivunje redio! Wamekufa wao, serikali yao imekufa? Utajiri waliouacha umezikwa nao? Wala wa kwetu siwafichi. Wapo watawala wa nyanda hizi hizi waliouza watu, na mpaka leo tunawasifu kwa ngoma na vigelegele, hakuna anayewataja waliouzwa.

Wakubwa hao wa ng'ambo wanauliza kwa ukali, kana kwamba wametushinda: samahani itawafaa nini wafu? Nani aliwaambia ni ya wafu? Bibi yangu alikuwa hai, na alizeeka akisubiri mtu amruhusu kumlilia dada yake.